Programu Inapoambiwa Ife: Ishara za Mfumo Endeshi na Lugha Zinazozipokea

Umeme ukikatika Runzewe, kinachofuata madukani ni ubishi. Kompyuta ya kaunta imezimika, genereta imewashwa, programu ya mauzo imefunguliwa upya, na muamala mmoja hauonekani kwenye kompyuta ingawa mteja ana ujumbe wa kuthibitisha kwenye simu yake. Mwenye duka analaumu TANESCO, shirika la umeme. Kijana aliyemwandikia programu analaumu PHP, au Python, au lugha yoyote aliyoitumia. Mwenzake anasema shida ni watu wanaofunga programu kwa `kill -9`, na wa nne anaapa kwamba Java isingefanya hivyo.

Mji huu wa Wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa sehemu ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, uko kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Nyakanazi na mpaka wa Rusumo. Malori, dhahabu ya wachimbaji wadogo na mawakala wa fedha kwa simu vimeufanya uwe mahali pa miamala midogo mingi, na siku hizi mingi kati ya hiyo hupitia kwenye programu. Kwa hiyo ubishi ule una maana. Unahusu jambo ambalo vitabu vya kufundishia lugha za programu hulipa kurasa mbili tatu za mwisho: mfumo endeshi unapoitumia programu ishara, ni nani anayeipokea, lini, na akiwa na ruhusa ya kufanya nini?

Chombo kimoja, kazi nne

Ishara ni namba ndogo ambayo kerneli huifikisha kwa mchakato unaoendelea. Ukibonyeza Ctrl-C, mchakato hupata SIGINT, namba 2. Mashine ikizimwa kwa utaratibu, kila mchakato hupata SIGTERM, namba 15, yaani ombi la kufunga kazi kwa heshima. SIGKILL, namba 9, si ombi. Mchakato haupewi nafasi ya kuikamata wala kuikataa, kerneli inauondoa tu. SIGSEGV, namba 11, huja pale programu inapogusa memori isiyo yake.

Hapo tayari kuna mchanganyiko. Amri ya binadamu, taarifa ya mfumo, kosa la programu yenyewe na hukumu ya kifo vyote vimepitishwa kwenye mlango mmoja. Unix ya mwanzo ilikuwa mbaya zaidi: ishara ikishapokelewa mara moja, mpangilio wa kuipokea ulifutika, na ya pili ikiwahi kabla hujaupanga upya, programu ilikufa. BSD 4.2 ya mwaka 1983 ilirekebisha hilo, na POSIX ya mwaka 1988 ikaweka kanuni za pamoja.

SIGHUP ni mfano mzuri wa urithi huu. Ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyeunganishwa na kompyuta kwa laini ya simu, kisha laini ikakatika. Leo fundi aliyeketi Runzewe akiingia kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, akaanzisha kazi ya kuhamisha data, kisha kiungo kikafa, seva huliona hilo kama laini iliyokatika: ganda la amri hupata SIGHUP, huipitisha kwa kazi iliyo chini yake, na kazi inakufa katikati. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania na Kenya ikaanguka, hali ya namna hiyo haikuhitaji kosa la mtu yeyote. Anayetumia `nohup` au `tmux` kazi yake husalimika, kwa sababu ameitenga na laini. Asiyejua hulaumu lugha aliyoandikia.

Kwa nini rantaimu haiwezi kukuachia uifanye utakavyo

Rantaimu ni ile sehemu ya lugha inayokaa kati ya msimbo wako na mfumo endeshi. Hugawa memori, hukusanya iliyoachwa, hupanga nyuzi. Mtu anayeandika C anaweza kusema: ishara ikija, ita funksheni yangu moja kwa moja. Inaonekana ndiyo njia fupi, na ndiyo hatari kuliko zote.

Ishara haiheshimu mahali ulipo. Inaweza kufika katikati ya `malloc`, wakati funksheni hiyo imeshika kufuli ya memori na orodha zake za ndani hazijakaa sawa. Funksheni yako ya kupokea ishara nayo ikiita `malloc`, au ikiita `printf` ambayo ndani yake inaweza kuihitaji, itakuta kufuli imeshikwa. Aliyeishika ni uzi uleule uliosimamishwa ili ishara ishughulikiwe. Ni wakala aliyejifungia ndani ya kibanda, akasahau, akatoka kwa dirisha na sasa anabisha hodi akimsubiri aliye ndani amfungulie. Programu inaganda milele, au inaharibu memori kimyakimya. Kwa sababu hii POSIX ina orodha fupi ya funksheni zinazoruhusiwa hapo. `write` imo. `printf` haimo.

Mtu anaweza kudhani hili ni jambo la darasani. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya usalama Qualys ilitangaza udhaifu ndani ya OpenSSH, programu ambayo karibu kila msimamizi wa seva duniani huitumia kuingia kwenye mashine za mbali. Ulipewa namba CVE-2024-6387. Mteja akiunganishwa na asijitambulishe ndani ya sekunde 120, SIGALRM hulia, na funksheni ya kuipokea iliita `syslog`. Kwenye Linux zinazotumia glibc, `syslog` inaweza kuita `malloc`. Mshambuliaji mwenye subira aliweza kulenga sekunde hiyo, kurudia maelfu ya mara, na hatimaye kuendesha amri kwenye seva akiwa na mamlaka yote, bila nenosiri. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kosa hilihili lilikuwa limepatikana na kuzibwa mwaka 2006. Kizibo kiliondolewa kwa bahati mbaya wakati wa kupanga upya msimbo, likarudi na toleo 8.5p1 la mwaka 2021, na likakaa miaka mitatu. OpenBSD, nyumbani kwa OpenSSH, ilinusurika kwa kuwa ilikuwa na `syslog` iliyotengenezwa maalumu kwa mazingira ya ishara.

Ikiwa waandishi makini kiasi hicho waliteleza hapo mara mbili, lugha inayomkabidhi kila mwanafunzi funksheni ya kupokea ishara moja kwa moja inatega mtego. Lugha yenye mkusanya memori ina sababu ya ziada: ishara inaweza kufika wakati vitu vinahamishwa, na msimbo wako ukigusa kitu kilichoko nusu ya safari, hakuna anayejua utakiona wapi. Ndiyo maana karibu lugha zote za leo zimekubaliana juu ya hatua ya kwanza, kwamba sehemu ya chini kabisa ipokee ishara, iandike alama, iondoke. Ugomvi uko kwenye hatua ya pili.

Msimamo wa kwanza: weka alama, shughulikia baadaye

Python ndiyo mfano wake. Ishara ikija, sehemu ya C huweka alama tu. Funksheni yako ya Python huitwa baadaye, kwenye uzi mkuu, kati ya agizo moja la mkalimani na jingine. Humo unaweza kuandika faili, kuita hifadhidata, kuchapisha ujumbe. Memori haiharibiki, kwa sababu mkalimani yuko mahali salama.

Bei yake ni ya aina mbili. Kwanza ni kuchelewa: uzi mkuu ukiwa ndani ya hesabu ndefu iliyoandikwa kwa C, alama hukaa bila kusomwa hadi hesabu iishe, na mtu anabonyeza Ctrl-C mara kumi akidhani kibodi imekufa. Pili, na hii naiona nzito zaidi, SIGINT hugeuzwa kuwa hitilafu ya KeyboardInterrupt inayoweza kuchomoza kwenye mstari wowote. Umeshika kufuli, hujaingia bado kwenye sehemu inayohakikisha itaachiliwa, na hapohapo hitilafu inaruka. Memori ya mkalimani ni salama. Mantiki ya programu yako haiko salama. Tatizo limepanda ghorofa moja juu.

Ruby ilichagua kukataa kwa sauti: tangu toleo 2.0 la mwaka 2013, kujaribu kushika kufuli ndani ya mpokea ishara huleta hitilafu badala ya kuganda. PHP, ambayo ndiyo imebeba programu nyingi za madukani, kwa muda mrefu ilimtaka mwandishi apange mwenyewe wakati wa kukagua alama, na ni toleo 7.1 la mwishoni mwa 2016 lililoleta njia ya rantaimu kujikagulia. Hata hivyo nyenzo hizo zinakusudiwa programu zinazoendeshwa kutoka mstari wa amri, hivyo ukurasa wa PHP unaohudumiwa na seva ya wavuti kwa kawaida hauna usemi wowote juu ya kifo chake.

Kuna deni jingine la zamani hapa. Mchakato ukiwa unasoma faili au mtandao na ishara ikaukatiza, Unix hurudisha kosa la EINTR na kumwachia mwandishi ajaribu tena. Mwanasayansi wa kompyuta Richard Gabriel alilifanya jambo hili kuwa mfano wa mabishano kati ya watu wa MIT, waliotaka mfumo ubebe ugumu, na watu wa Unix, waliotaka mfumo ubaki mwepesi na mwandishi abebe. Upande wa Unix ulishinda sokoni, na waandishi wakabeba kwa miongo. Python iliwapokea mzigo huo mwaka 2015 kwa toleo 3.5, ambapo rantaimu hujaribu tena yenyewe.

Msimamo wa pili: geuza ishara kuwa ujumbe

Go haikatizi msimbo wako kabisa. Unaomba SIGTERM iletwe kwenye chaneli, kisha sehemu moja ya programu inasubiri hapo kama inavyosubiri kitu kingine chochote. Node.js inafanya jambo la jamaa hiyo kupitia mzunguko wake wa matukio, na Erlang, iliyobeba WhatsApp, tangu 2017 huikabidhi SIGTERM kwa mchakato wake wa ndani, ambao hufunga mfumo kwa utaratibu. Wazo ni la zamani. Mtaalamu wa kompyuta D. J. Bernstein alilieneza kama mbinu ya bomba: mpokea ishara aandike baiti moja kwenye bomba, na mzunguko mkuu uisome pamoja na mengine. Linux iliongeza `signalfd` mwaka 2007 kwa ajili ya haja hiyohiyo.

Uzuri wake ni kwamba ishara inapoteza utukutu wake. Haikukuti ukiwa umeshika kufuli, kwa sababu wewe ndiye unayekwenda kuichukua. Udhaifu wake ni kwamba usipokwenda, haichukuliwi. Mzunguko wa Node.js ukinaswa kwenye hesabu nzito, SIGTERM inasubiri foleni. Go nayo haisubiri chaneli iliyojaa, huiacha ishara ipotee, ndiyo maana chaneli isiyo na nafasi ya akiba ni kosa linalojirudia kwa wanaoanza.

Go yenyewe pia ni mtumiaji wa ishara. Tangu toleo 1.14 la Februari 2020, rantaimu yake hutumia SIGURG kusimamisha kazi iliyong'ang'ania kichakataji bila kupumzika. Waliichagua kwa sababu karibu hakuna anayeitumia na kuja kwake bila sababu hakumdhuru mtu. Mwandishi hapaswi kuhisi chochote, ila EINTR zikaongezeka kwa wanaoita mfumo endeshi moja kwa moja. Ni ukumbusho kwamba ishara ni mali ya pamoja, na rantaimu ni mmoja wa wapangaji.

Msimamo wa tatu: rantaimu imiliki, wewe ujulishwe mwisho

Huu ni wa Java, na kwa Afrika Mashariki unastahili uzito kwa sababu ya hospitali. OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, imeandikwa kwa Java. DHIS2, inayobeba takwimu za afya za MTUHA nchini Tanzania, inaendeshwa juu ya Java na PostgreSQL. Takwimu za zahanati ya Bukombe huishia kwenye mashine ya Java mahali fulani.

HotSpot, mashine ya Java iliyozoeleka, inatumia ishara kwa faida yake. Badala ya kukagua kila mara kama rejeo ni tupu, inaacha msimbo uguse, na SIGSEGV ikija inaigeuza kuwa hitilafu ya kawaida ya Java. Kasi inapatikana bure. Lakini ndiyo sababu maktaba ya C inayoingizwa ndani ya Java na kujipangia SIGSEGV yake inaweza kuivuruga mashine nzima, hadi ikahitajika maktaba ya kuunganisha wapokeaji wawili wasikanyagane.

Kwa mwandishi wa kawaida, Java inatoa ndoano za kuzima: SIGTERM, SIGINT au SIGHUP ikija, ndoano zote huanzishwa. Huanza kwa mpangilio usiojulikana na kwenda sambamba, hivyo ndoano inayofunga hifadhidata inaweza kumaliza kabla ya ile inayotaka kuandika humo. Kuita `System.exit` ndani ya ndoano hugandisha kila kitu. Ni mfumo unaomlinda mwandishi dhidi ya kerneli vizuri sana, halafu ukamwacha agombane na ndoano zake mwenyewe.

Rust imechukua njia ya kutochukua njia: maktaba yake ya msingi haina mpokea ishara, ukitaka unaingiza maktaba ya nje. Kwa lugha inayojivunia kutokuwa na rantaimu nzito, ni uamuzi wa haki.

Msimamo unaoikwamisha mingine yote: usitegemee kuagwa

Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Stanford walitoa hoja ya ukaidi kidogo. Programu, walisema, iandikwe ili njia pekee ya kuizima iwe kuiangusha na njia pekee ya kuiwasha iwe kujiponya. Njia ya kujiponya ikitumika kila siku, itakuwa imejaribiwa kila siku.

PostgreSQL inaonyesha jinsi hoja hiyo inavyoweza kuishi pamoja na heshima. SIGTERM huizuia kupokea wageni wapya na kuifanya iwangoje waliomo. SIGINT huikatisha miamala iliyo wazi na kufunga haraka. SIGQUIT huifunga papo hapo, na ikiwashwa tena itasoma kumbukumbu yake ya maandishi ya awali na kujirudisha. Muamala uliothibitishwa hausubiri ishara yoyote ili uwe salama. Uliandikwa kwenye diski kabla ya kuthibitishwa. Ishara zinaamua tu ni muda gani utapotea.

Udhaifu upo. Kuandika kila muamala kwenye diski kunagharimu kasi, na diski nafuu inayodai imeandika ilhali bado imeshika data kwenye memori yake inabomoa hesabu yote. Kujiponya kunaweza kuchukua dakika ndefu. Na kuna yaliyo nje ya diski yako, ambayo nitayarudia.

Kupima, kwa macho ya Runzewe

Hoja za misimamo mitatu ya kwanza zina dhana moja iliyojificha: kwamba ishara itakuja. Umeme ukikatika hakuna SIGTERM. Hakuna SIGKILL. Kichakataji kinasimama tu. Kenya ilipokuwa gizani tarehe 25 Agosti 2023, na Tanzania ilipopita kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, hakuna rantaimu iliyopewa taarifa, isipokuwa pale palipokuwa na UPS iliyounganishwa kwa waya wa data na programu ya kuisikiliza. Unix inayo hata ishara ya kazi hiyo, SIGPWR, na systemd inajua la kufanya ikiipata. Lakini UPS ya dukani mara nyingi imechomekwa upande wa umeme tu, na waya wake wa USB uko kwenye boksi. Inalia, binadamu anasikia, kompyuta haisikii. Kuutoa waya ule kwenye boksi kutaleta tofauti kubwa kuliko kuhama kutoka PHP kwenda Go.

Hata palipo na ishara, muda una kikomo. systemd kwa kawaida hungoja sekunde 90 kisha hutuma SIGKILL, Kubernetes 30, Docker 10. Anayeandika mpokea SIGTERM anayepanga kutuma ripoti, kubana faili na kunakili hifadhidata anaandika msimbo utakaokatwa katikati. Ndani ya kontena kuna mtego zaidi: mchakato namba 1 haupati tendo la kawaida la SIGTERM usipojipangia mpokeaji, na programu iliyoanzishwa kupitia ganda la amri huenda isifikishiwe ishara kabisa. Wengi wanaolalamika kwamba programu haizimiki hadi sekunde kumi zipite wamekutana na hili, na lugha yao haihusiki.

Kwa hiyo naupa msimamo wa pili nafasi ya kwanza kati ya rantaimu, kwa sababu ujumbe kwenye chaneli ndio unaomwacha mwandishi wa kawaida na makosa machache ya kufanya. Mpokeaji wake afanye mambo mawili, kukataa kazi mpya na kumaliza iliyo mkononi ndani ya sekunde chache zilizowekewa kikomo, kisha atoke. Chochote ambacho ni lazima kihifadhiwe kiwe kimeshahifadhiwa kabla. Ukifuata hilo kwa dhati, tofauti kati ya Python, Java na Go kwenye ishara inapungua hadi kuwa suala la starehe.

Kinachobaki ni muamala wa kaunta tulioanza nao, na hapo hakuna rantaimu inayosaidia. Programu imetuma ombi la malipo kwa mtandao wa simu; kabla jibu halijarudi, umeme umekatika. Fedha zimehama au hazijahama, na diski yako haiwezi kujua. Ukituma tena, huenda umemkata mteja mara mbili. Usipotuma, huenda mwenye duka ametoa bidhaa bure. Njia inayofanya kazi ni kuandika namba ya kumbukumbu ya muamala kwenye diski kabla ya kutuma ombi, kuituma pamoja na ombi, na baada ya kuwaka upya kuuliza kwanza hali ya namba hiyo. Hilo linahitaji mfumo wa upande wa pili ukubali kuulizwa na utambue namba iliyorudiwa. Kijana wa Runzewe anayejadiliana na mtoa huduma kuhusu kuunganishwa angeanza na swali hilo, kabla hata ya kuuliza bei.